Kwa nini "ability to" inapita lakini "possibility to" nikakatwa?

#1 Kalamu Kavu
Wakuu salaam. Kuna jambo linanikera tangu juzi. Niliandika insha ya Kiingereza, ndani yake kuna "the ability to learn", "the decision to stay" na "the possibility to travel". Mbili za kwanza zikapita. Ya tatu ikapigwa mstari mwekundu na pembeni pakaandikwa "of travelling". Nikauliza sababu, nikaambiwa ndivyo ilivyo.

Jibu la "ndivyo ilivyo" halinipi usingizi. Kwa Kiswahili zote tatu zinakaa mstari mmoja: uwezo wa kujifunza, uamuzi wa kubaki, uwezekano wa kusafiri. Sasa nani aliyepanga kwamba nomino hii ifuatwe na to na ile ifuatwe na of halafu -ing? Kuna kanuni, au watu wanakariri tu?

#2 Ndege Mnana
Nimetandika mkeka hapa, nasubiri wajuvi.

#3 Fundi Kamusi
Kanuni ipo na ni nyepesi. Nomino nyingi za aina hii zimezaliwa na kitenzi au kivumishi, na mtoto hurithi kwa mzazi. Decide hufuatwa na to, basi decision nayo hivyo hivyo. Refuse to answer, refusal to answer. Fail to pay, failure to pay. Able to, ability to. Willing to, willingness to. Ukimjua mzazi umemjua mtoto. Uzi ufungwe.

#4 Bi Nukta
Usifunge kwanza mkuu. Kuna "it is possible to travel", na mzazi hapo ana to yake kabisa. Kwa hesabu yako possibility to ingekuwa halali, na ndiyo hiyo hiyo iliyomtia mleta uzi matatani.

Tena watoto walionyimwa urithi ni wengi. Hope to win, lakini the hope of winning. Prefer to walk, lakini a preference for walking. Likely to fail, lakini the likelihood of failing. Difficult to breathe, ukifika kwenye nomino unasema difficulty in breathing, au difficulty breathing basi. Easy to use inageuka ease of use. Jaribu kusema "ease to use" uone watakavyokutazama.

#5 Fundi Kamusi
Dah. Hiyo ya ease imenivua koti. Lakini bado nasema wengi hurithi, wachache ndio wakorofi.

#6 Kalamu Kavu
Wachache wakorofi ndio wanaonikata alama mkuu 😂

#7 Mzee wa Koma
Vijana, angalieni maana badala ya ukoo. To inaelekeza mbele, kwa jambo ambalo bado halijatendeka. Uamuzi, ahadi, mpango, jaribio, ruhusa: zote zinatazama kesho. Decision to go, promise to pay, plan to build, permission to enter. Ile -ing inashika kitu kilichopo au kilichokwisha kuwa: the habit of smoking, the experience of living alone, the memory of losing. Huwezi kusema "a memory to lose" ukimaanisha kumbukumbu ya kushindwa, kwa sababu kushindwa kumeshapita.

Na hili halikuanza leo. Kwenye Kiingereza cha kale, to ilikuwa kihusishi kamili cha kuelekea mahali au kusudi, na kitenzi kilichoifuata kilivaa kiambishi tamati -enne kama nomino yoyote inayofuata kihusishi. Baadaye kiambishi kikadondoka, to ikabaki peke yake. Ule mwelekeo wa mbele ni urithi wa huko.

#8 Msomaji Kimya
Shikamoo mzee. Hii ya kesho na jana nimeielewa kuliko ya ukoo.

#9 Bi Nukta
Shikamoo Mzee wa Koma. Naomba nikwaruze kidogo. The risk of falling: kuanguka huko bado hakujatokea. The danger of losing everything: bado. The hope of winning: ndiyo kesho yenyewe, hakuna neno linalotazama mbele kuliko tumaini. Zote zinachukua of. Halafu "his failure to appear" mara nyingi inasema juu ya jambo lililokwisha pita, kesi imeisha na mtu hakutokea. Sasa mshale wako unaelekea wapi?

#10 Mzee wa Koma
Marahaba binti. Failure ni jambo ambalo halikutendeka, kwa hiyo bado linakaa upande wa "halijawa". Risk na danger nakuachia, nitarudi.

#11 Ndege Mnana
Mzee kakimbia 😂😂

#12 Isimu Pori
Hapa mnazunguka mti ambao umeshachimbwa mizizi. Mwanaisimu Noam Chomsky aliliandikia jambo hili mwaka 1957. Alitoa jozi maarufu: "John is eager to please" na "John is easy to please". Kwa macho ni pacha. Ukizigeuza kuwa nomino, "John's eagerness to please" inakubalika, "John's easiness to please" haikubaliki. Vilevile "John is certain to win" ni sawa, "John's certainty to win" siyo.

Sababu? Kwenye eager, John ndiye mwenye shauku na ndiye anayependeza watu. Kwenye easy, John siye mtendaji, yeye ndiye anayependezwa. Kwenye certain, uhakika si wa John, ni wa tukio zima la John kushinda. Nomino inamruhusu to pale tu ambapo hali hiyo ni mali ya mtu mwenyewe anayetenda. Sasa rudini kwa mleta uzi: uwezo ni wa mtu, uamuzi ni wa mtu. Uwezekano si wa mtu, ni wa tukio. Kwa hiyo "possibility of".

#13 Kinubi
Marekebisho madogo mkuu wa #12. Hoja ya nomino hizo ni ya makala yake ya 1970. 1957 ni mwaka wa kitabu kilichompa jina. Mengine umesema vizuri.

#14 Isimu Pori
Sawa Kinubi, 1970. Asante.

#15 Kalamu Kavu
Hii imenigusa. Yaani likelihood, probability, possibility, certainty, risk, danger, zote ni za tukio, na zote of. Halafu ability, willingness, courage, right, permission ni za mtu, na zote to. Mbona hakuna mwalimu aliyewahi kunipangia hivi?

#16 Fundi Kamusi
Na chance inathibitisha! Ikiwa na maana ya nafasi mkononi mwa mtu: "this is your chance to win". Ikiwa na maana ya uwezekano wa jambo kutokea: "she has a good chance of winning". Neno moja, maana mbili, miundo miwili. Nimehamia kambi ya #12 rasmi.

#17 Bi Nukta
Umehama haraka, godoro umeacha kule. Tendency je? "Prices have a tendency to rise." Bei haina shauku wala ujasiri. Unaweza hata kusema "there is a tendency for prices to rise", tabia hiyo ni ya tukio zima, na to ipo inakutazama. Geuza upande wa pili: habit ni ya mtu, fear ni ya mtu, hope ni ya mtu. The habit of lying, the fear of falling, the hope of winning. Mali ya mtu kabisa, na of juu yake.

#18 Isimu Pori
Tendency inajulikana kuwa msumbufu kwenye hoja hii. Haivunji kanuni, inaikwaruza.

#19 Bi Nukta
Kila mwanamume humu kanuni yake inakwaruzwa tu, haivunjiki 😂

#20 Ndege Mnana
Mkeka wangu nimeuongeza na mto.

#21 Daftari la Nyuma
Mimi nafanya tafsiri. Naona chanzo cha shida yetu kiko upande wetu, kwenye kile kiunganishi cha -a. Kiswahili kinaunganisha nomino na kitenzi-jina kwa njia moja: haki ya kupiga kura, furaha ya kukuona, kosa la kuuza, kitabu cha kusoma, kalamu ya kuandikia, wakati wa kuondoka. Na ku- yetu ni nomino halisi, ina ngeli yake: kuimba kwake kulinifurahisha. Ndiyo maana inaingia popote nomino inapoingia. Kiingereza kimegawa kazi hiyo kwa watu wawili, to na -ing, na sisi tukitafsiri tunamchukua aliye karibu.

Kosa langu la miaka yote lilikuwa "furaha ya kukuona". Nikiandika "the pleasure to see you", nikisahihishwa kuwa "the pleasure of seeing you". Halafu nakutana na "it is a pleasure to see you" na kila mtu ametulia. Nikadhani wananichezea.

#22 Kinubi
Hawakuchezei. Kwenye "it is a pleasure to see you", ile "to see you" haifuati pleasure kama mkia wake. Ndiyo kiima chenyewe kilichosogezwa nyuma, na "it" imeshikilia kiti tu. Unaweza kuigeuza: "to see you is a pleasure". Jaribu na "it was a mistake to sell": "to sell was a mistake". Lakini ukitaka mkia wa nomino, "he made the mistake of selling". Jicho linaona nomino na to zimekaa pamoja, kumbe kila mmoja kaja kivyake.

#23 Daftari la Nyuma
Asante Kinubi. Hapo umenifungua.

#24 Msomaji Kimya
Kwa wenzetu wanaojua Kifaransa, wao wana unafuu?

#25 Kinubi
Wana shida kama yetu. La décision de partir, le droit de voter, la possibilité de partir, zote de. Ndiyo maana nao hutokwa na "possibility to" wakiandika Kiingereza, wameshazoea muundo mmoja kwa zote. Ila wao hutenga "un livre à lire", kitabu cha kusoma, kwa à. Sisi hata hapo hatutengi: uwezo wa kusoma, kitabu cha kusoma, -a ile ile.

#26 Kalamu Kavu
Kwani "kitabu cha kusoma" si muundo ule ule wa "uwezo wa kusoma"? A book to read, ability to read. Naona to mbili zinazofanana.

#27 Isimu Pori
Hapana. Kwenye "ability to read", kusoma ndiko kunakoeleza uwezo wenyewe, uwezo gani. Kwenye "a book to read", kitabu ni shamirisho la kusoma: unakisoma hicho kitabu. Huwezi kuusoma uwezo. Na hapo kwenye kitabu ni kama kishazi rejeshi kilichofupishwa: kitabu ambacho mtu atakisoma, au anapaswa kukisoma. Aina hii inakubali nomino yoyote duniani, hakuna cha kukariri. A film to watch, a letter to write, a hill to climb. Aina ya kwanza ndiyo yenye orodha.

#28 Bi Nukta
Na kwenye aina hii ndiko tunakodondosha vihusishi njiani. Watu huandika "a pen to write" na "a chair to sit". Kalamu huiandiki na kiti hukikai, unaandika kwa kalamu na unakaa juu ya kiti. A pen to write with, a chair to sit on, a friend to talk to.

Cha ajabu Kiswahili kinajua jambo hilo vizuri tu. Hatusemi kalamu ya kuandika, tunasema ya kuandikia. Kiti cha kukalia. Mtu wa kuzungumza naye. Ile kauli ya kutendea ndiyo inayofanya kazi ya with na on. Ukiona kitenzi chako cha Kiswahili kimevaa -ia au kimefuatwa na naye, jua kwenye Kiingereza kuna kihusishi kinadaiwa mwishoni.

#29 Fundi Kamusi
Hii nimeiandika kwenye daftari. Bi Nukta leo umekuja kutubomolea na kutujengea.

#30 Mguu Mchanga
Samahani, "kalamu ya kuandika" nasikia watu wanasema kila siku.

#31 Bi Nukta
Wanasema, na wanaeleweka. Mimi nawasamehe. "A pen to write" haisamehewi.

#32 Daftari la Nyuma
Ila na Waingereza wenyewe hudondosha. "A place to stay" bila at. "The way to do it" bila in. "Time to leave" bila at. "Money to buy books" huwa inasimama bila with. Lakini "a house to live" bila in inasikika nusu. Kwa place, time na way kihusishi kinajificha ndani ya nomino yenyewe, kwa nyumba na kiti hakijifichi.

#33 Mguu Mchanga
Na "mtu wa kwanza kufika mwezini"? Hapo Kiswahili hakina -a kabla ya ku-. The first person to reach the moon, Neil Armstrong, 1969.

#34 Ndege Mnana
Hatimaye swali la mkeka wangu.

#35 Kinubi
Uchunguzi mzuri, -a imekwisha kukaa kwenye "wa kwanza". Kwa Kiingereza the first, the last, the only, the youngest zote huita to kirahisi: the last to leave, the only one to answer. Na tazama, hapa mambo yamekwisha kutendeka, kwa hiyo hoja ya Mzee ya kesho inapata jeraha lingine.

Ila Armstrong ni "the first person to walk on the moon". Kufika karibu na kuuzunguka, wanaanga watatu wa Apollo 8 walitangulia Desemba 1968. Kitenzi kinabeba rekodi, ukikibadilisha unabadilisha mshindi.

#36 Mguu Mchanga
Uzi wa sarufi nimesahihishwa anga. Asante lakini.

#37 Mzee wa Koma
Nimerudi. Kuhusu "wa kwanza": nakubali jeraha. Lakini nina dawa ya upande mwingine, neno reason. "I have a reason to leave" na "my reason for leaving". Ya kwanza, bado sijaondoka, nina sababu ya kuondoka. Ya pili, mara nyingi nimeshaondoka au nimeshaamua, naeleza kwa nini. Nomino moja, mtu yule yule, na tofauti ni wakati tu. #12 anaelezaje hilo kwa mali ya mtu na mali ya tukio?

#38 Isimu Pori
...

#39 Bi Nukta
Mzee karudi na rungu. Hili nalikubali kwa reason. Lakini intention? "His intention to resign" na "his intention of resigning" zote hupita kwa maana ile ile. Ukikanusha, of ndiyo hupendwa: "I have no intention of resigning". Wakati haujabadilika hata kidogo.

#40 Kalamu Kavu
Wakuu, nimeandika sentensi mpya nikitumia yote haya: "My commitment to improve my English and my approach to learn grammar". Nipigeni.

#41 Daftari la Nyuma
Ya pili imekatika. Approach to learning. Hapo to si ile ya kitenzi, ni kihusishi tu chenye sura yake. Jaribu kuweka nomino ya kawaida baada yake: an approach to grammar, the key to success, an objection to the plan. Ikikubali, basi kitenzi kikija hapo kivae -ing: the key to understanding, an objection to paying. Ability haikubali nomino, huwezi kusema "ability to grammar". Commitment inacheza pande zote, utaona "commitment to improve" na "commitment to improving".

#42 Fundi Kamusi
Kipimo kizuri. Right inakubali nomino pia lakini: right to education, na vilevile right to vote. Huwezi kusema "right to voting".

#43 Kinubi
Ndiyo, right ina mikono miwili. Chukua Ibara ya 23 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948: "the right to work". Work hapo ni kitenzi au nomino? Ukisoma peke yake utasema kitenzi, haki ya kufanya kazi. Ukiendelea mbele: "to free choice of employment, to just and favourable conditions of work and to protection against unemployment". Wenzake wote kwenye orodha ni nomino. Kwa hiyo huenda work naye ni nomino, haki ya kupata kazi. Linganisha na Ibara ya 16, "the right to marry and to found a family", ambako hakuna ubishi kwamba ni vitenzi.

#44 Msomaji Kimya
Yaani haki ya binadamu inategemea to ni ya aina gani. Nimenyamaza miaka mingi kwenye jukwaa hili, leo nimepiga makofi peke yangu.

#45 Isimu Pori
Naona mmesahau #37, na mimi sijasahau. "Reason to leave" ni kile kinachomsukuma mtu atende, ni mali yake. "Reason for leaving" ni maelezo ya tukio la kuondoka. Mtu na tukio, kama nilivyosema. Wakati unafuata tu nyuma.

#46 Mzee wa Koma
Wakati umetangulia, mtu ndiye anayefuata.

#47 Fundi Kamusi
Na reason kama kitenzi haifuatwi na to, kwa hiyo ukoo wangu hauhusiki. Leo mimi mtazamaji.

#48 Bi Nukta
Kalamu Kavu, ushauri wa mtu mzima: nomino ukiijifunza, ijifunze na mkia wake, kama unavyojifunza nomino ya Kiswahili na ngeli yake. Kamusi za wanafunzi huandika mkia huo palepale kando ya neno. Hawa wengine waache wapigane.

#49 Kalamu Kavu
Nimekuelewa dada. Ila bado nataka kujua nani kashinda. Sina "intention to sleep".

#50 Daftari la Nyuma
"No intention of sleeping". Rudi #39.